Doa jeupe nje ya mfupa: namna ya kusoma kalsiamu ya tishu laini kwenye picha ya taya la chini

Picha ya panorama, yaani eksirei inayoonyesha taya zote mbili na meno yote kwa pamoja, huombwa kwa sababu ya gego la mwisho lililolala, jipu lisilopona, au maandalizi ya kupandikiza jino. Mashine lakini haichagui. Inapozunguka kichwa hupiga pia tonsili, tezi za mate, tezi za limfu za shingo na mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Sehemu hizo zikiwa katika hali yake ya kawaida hazionekani, au huacha kivuli hafifu tu. Zikishika kalsiamu hutoka nyeupe, na mara nyingi kivuli chake huangukia juu ya taya la chini au pembeni yake, kikaonekana kana kwamba ni cha mfupa.

Mwongozo huu nimewaandikia madaktari wa meno, matabibu wa meno na wanafunzi wanaoanza kusoma picha. Mgonjwa aliyeambiwa "kuna kitu cheupe kwenye picha yako" naye ataweza kuufuata. Msimamo wangu ni mmoja: mahali kwanza, umbo baadaye, jina mwisho. Wengi huanza na umbo, wakaona doa la mviringo na kusema ni jiwe la mate, kumbe mahali lilipo doa hilo hapajawahi kuwa na tezi ya mate.

Kalsiamu huingia kwenye tishu laini kwa njia kuu mbili. Ya kwanza, na ndiyo ya kawaida zaidi, ni tishu iliyoumia, iliyokufa au iliyokuwa na uvimbe wa muda mrefu. Kiwango cha kalsiamu katika damu hapo ni cha kawaida. Ni sehemu ile tu ndiyo iliyovutia madini. Ya pili ni pale kalsiamu au fosfati inapozidi katika damu yenyewe, kama kwa mtu ambaye tezi zake za parathiroidi zinafanya kazi kupita kiasi au figo zake zimeshindwa kazi. Hapo madini hutua hata kwenye tishu zisizo na jeraha. Kwa hiyo madoa mengi yaliyotawanyika sehemu mbalimbali yakuulize swali ambalo doa moja haliulizi: figo za mgonjwa huyu zikoje?

Hatua ya kwanza: hakikisha doa lipo kweli

Kabla ya kutafuta jina, jiridhishe kwamba hutazami kivuli cha kitu alichovaa mgonjwa. Hereni, kipini cha pua, mkufu, kibanio cha nywele, hata ukingo wa aproni ya risasi iliyopandishwa mno shingoni, vyote hutoka vyeupe. Hereni ndiyo inayowasumbua wengi, kwa kuwa panorama huionyesha mara mbili: mara moja mahali pake, na mara nyingine upande wa pili wa kichwa, juu zaidi, ikiwa imekuzwa na kingo zake zimefifia. Ukiona doa pana lenye ukungu upande mmoja, tafuta upande wa pili, chini kidogo, kama kuna kitu chenye kingo kali kinachofanana nalo. Kikiwepo, doa lako si doa.

Halafu kuna maumbile ya kawaida. Mfupa wa hayoidi uko katikati ya shingo, lakini kwenye panorama hujitokeza pande zote mbili, chini ya taya, kwa sababu vitu vya katikati hupigwa mara mbili mashine inapozunguka. Pembe za juu za gegedu la thairoidi nazo huweza kuwa ngumu na kuonekana kwa mtu mzima. Zoea kuvitafuta vitu hivi katika kila picha, hata ile isiyo na tatizo lolote. Asiyejua hayoidi hukaa wapi hawezi kujua kilicho pembeni yake.

Hatua ya pili: weka doa mahali pake

Fuata kwa macho mistari mitatu kabla ya kusema lolote. Wa kwanza ni ukingo wa chini wa taya, kutoka kidevuni hadi kwenye pembe. Wa pili ni ukingo wa nyuma wa ramasi, yaani lile tawi la taya linalopanda kuelekea sikio. Wa tatu ni ukingo wa mbele wa pingili za shingo. Kisha jiulize doa liko wapi ukilipima kwa mistari hiyo.

Doa likiangukia katikati ya ramasi, fikiria tonsili. Likiwa juu ya mwili wa taya, chini ya mizizi ya magego, fikiria jiwe la mate au sehemu ya mfupa wenyewe iliyokuwa nzito. Chini ya ukingo wa taya karibu na pembe ni nyumbani kwa tezi za limfu na kwa tezi ya mate yenyewe. Mstari mweupe unaoshuka kutoka nyuma ya sikio, ukapita nyuma ya ramasi na kuelekea mbele kwenye hayoidi, ni ukano wa stailohayoidi, kamba ngumu inayounganisha kijimfupa cha chini ya fuvu na hayoidi. Na doa lililo chini na nyuma ya pembe ya taya, kiasi cha sentimita 1.5 hadi 2.5, mkabala na pingili ya shingo ya 3 na ya 4, liko kwenye njia ya ateri ya karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Hapo simama.

Kuna madoa yasiyofuata ramani hii. Makovu ya zamani ya chunusi yanaweza kushika kalsiamu ndani ya ngozi ya shavu, na mawe ya vena huweza kutokea popote palipo na mshipa ulioumbika vibaya. Hayo utayatambua kwa kumtazama mgonjwa mwenyewe.

Hatua ya tatu: soma umbo, idadi na ndani yake

Sasa ndipo umbo linapokuwa na maana. Doa moja au mengi? Upande mmoja au pande zote mbili? Kingo laini au zenye mikwaruzo? Ndani lina weupe sawasawa, matabaka ya duara, au mchanganyiko wa weupe na weusi? Usiutegemee sana ukubwa unaoupima kwenye panorama, kwa sababu picha hii hukuza, na ukuzaji wake haulingani kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Mawe ya tonsili huwa madogo na mengi, yamejikusanya kwenye ramasi, mara nyingi pande zote mbili. Hutokana na mabaki ya chakula, seli na bakteria vinavyokwama kwenye vishimo vya tonsili na kugeuka kuwa vigumu. Mwenye nayo anaweza kulalamikia harufu mbaya ya kinywa au kuhisi kitu kimekwama kooni. Wengi hawahisi chochote. Yasipomsumbua, yaandike uendelee na kazi iliyomleta.

Jiwe la mate linahitaji muda zaidi. Mawe mengi ya mate, asilimia 80 hadi 90, hutokea kwenye tezi iliyo chini ya taya na mfereji wake, unaoitwa mfereji wa Wharton. Sababu yake inaeleweka ukifikiria njia ya mate yenyewe: mate ya tezi hiyo ni mazito na yana kalsiamu nyingi, mfereji ni mrefu, na inabidi yapande juu ili yafike chini ya ulimi. Mate yanayokwenda polepole huacha madini njiani. Jiwe lililo ndani ya mfereji huwa limerefuka kwa kufuata umbo la mfereji; lililo ndani ya tezi huwa la mviringo zaidi au halina umbo maalumu.

Tatizo ni kwamba jiwe hilo likipigwa juu ya taya hufanana sana na kipande cha mfupa mzito usio na madhara kilicho ndani ya taya lenyewe. Panorama peke yake haiwezi kuwatenganisha hawa wawili, na ni bora kusema hivyo kuliko kukisia. Kinachowatenganisha ni picha ya okluzali, ile ya kung'ata ambayo mwale wake hutokea chini ya kidevu. Jiwe litaonekana kwenye sakafu ya kinywa, mbali na mfupa. Mfupa mzito utabaki ndani ya taya. Punguza muda wa mwale hadi karibu nusu ya ule wa kawaida, kwa sababu mawe yenye madini machache hufifia kabisa mwale ukizidi. Kumbuka pia kwamba baadhi ya mawe hayaonekani kwenye eksirei hata kidogo, kwa hiyo picha safi haimaanishi kwamba mfereji uko wazi.

Tezi ya limfu iliyojaa kalsiamu ina sura ya koliflawa: kingo zenye vinundu, ndani pana weupe usiolingana. Inaweza kuwa moja, au mlolongo wa tezi kadhaa unaoshuka shingoni. Kifua kikuu cha tezi ni sababu inayojulikana tangu zamani, na tezi ikishaonyesha weupe kwenye picha mara nyingi ugonjwa wenyewe umepita. Limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, iliyotibiwa kwa mionzi nayo huacha alama kama hiyo. Tezi hizo hazihitaji kutolewa. Kinachohitajika ni historia ya mgonjwa: aliwahi kuugua, alitibiwa, alimaliza dawa? Akiwa na homa za jioni, jasho la usiku, kikohozi cha muda mrefu, kupungua uzito, au tezi inayokua hivi sasa, mpeleke kwa daktari bila kusubiri.

Jiwe la vena, fleboliti, ndilo linalonitia hofu kuliko yote mtu anaposhika kisu. Ni damu iliyoganda ndani ya vena na kushika madini, na huwa dogo, la mviringo, lenye matabaka ya duara moja ndani ya jingine. Mara nyingi huwa kadhaa. Uwepo wake unakuambia kwamba karibu yake kuna mishipa ya vena iliyoumbika vibaya, na mtu atakayekata kipande cha uvimbe huo kwa uchunguzi anaweza kukutana na damu asiyoweza kuizuia kwenye kiti cha meno. Tafuta uvimbe laini wenye rangi ya bluu kwenye shavu, mdomo au ulimi. Ubonyeze taratibu uone kama unasinyaa na kurudi. Mwambie mgonjwa ainamishe kichwa, utazame kama unajaa. Dalili hizi zikiwepo, usikate na usingoe jino lililo karibu kabla uvimbe haujapigwa ultrasaundi au MRI na kutazamwa na wenye uwezo wa kuudhibiti.

Ukano wa stailohayoidi ulio mgumu ni jambo la kawaida kuonekana, na wengi walio nao hawana dalili. Kijimfupa cha stailoidi, ambako ukano huo huanzia, kikizidi milimita 30 hivi huhesabiwa kuwa kimerefuka. Watt Eagle wa Marekani alieleza mwaka 1937 wagonjwa waliokuwa na maumivu ya koo na sikio kutokana na hali hii. Muulize mgonjwa kama humuuma anapomeza au kugeuza shingo. Akisema hapana, usimpe ugonjwa asiokuwa nao.

Ateri ya karotidi peke yake

Nimeitenga kwa makusudi. Mwaka 1981, Friedlander na Lande walieleza kwamba kalsiamu kwenye ukuta wa ateri ya karotidi inaweza kuonekana kwenye picha ya panorama. Tangu hapo msomaji wa picha za meno hana tena sababu ya kuipita sehemu ile ya shingo. Kalsiamu hiyo ni sehemu ya mafuta na kovu vinavyojengeka ndani ya mshipa, hasa pale karotidi inapogawanyika mara mbili, na mgawanyiko huo ndio ulio karibu na pingili ya 3 na ya 4.

Sura yake ni madoa au mistari isiyo na mpangilio mzuri, imejipanga wima, upande mmoja au zote mbili. Kinachofanana nayo zaidi ni gegedu dogo la tritisea, ambalo liko jirani kabisa. Gegedu hilo ni dogo, la yai, lina kingo laini, na hukaa ndani ya kivuli cheusi cha njia ya hewa, chini ya ncha ya pembe kubwa ya hayoidi. Karotidi huwa nje zaidi, kwenye tishu laini kati ya njia ya hewa na pingili, na kingo zake zina mikwaruzo. Ukibaki na shaka, ihesabu kuwa karotidi hadi ithibitike vinginevyo. Gharama ya kumsumbua mtu kwa ultrasaundi ni ndogo mno ukiilinganisha na kiharusi.

Hata hivyo usivuke mpaka upande wa pili. Kalsiamu kwenye picha haisemi mshipa umeziba kiasi gani, na wengine walio nayo hawana ufinyu wowote wa maana. Vilevile karotidi inaweza kuwa finyu bila kalsiamu yoyote kuonekana. Ndiyo maana panorama haipigwi kwa ajili ya kutafuta kiharusi. Ila ikishapigwa kwa sababu nyingine na doa likaonekana, ni kosa kulinyamazia. Uliza kuhusu shinikizo la damu, kisukari, sigara, mafuta ya damu, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, ugonjwa wa figo, na mionzi iliyowahi kupigwa shingoni. Mpe rufaa kwa daktari kwa tathmini ya moyo na mishipa na ultrasaundi ya Dopla, inayopima mwendo wa damu mshipani.

Swali moja lisikosekane: je, amewahi ghafla kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, kulegea mkono au mguu wa upande mmoja, kupinda uso, au kushindwa kutamka, hata kama ilipita baada ya dakika chache? Akijibu kwamba imetokea siku za karibuni, anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Kazi ya meno itasubiri.

Hatua ya nne: mguse mgonjwa

Picha bila vidole ni nusu ya kazi. Ukishuku jiwe la mate, uliza kama tezi huvimba na kuuma anapokula au hata anaposikia harufu ya chakula, kisha ikanywea baada ya saa moja au mbili. Hiyo ndiyo hadithi yake. Vaa glavu, weka kidole kimoja kwenye sakafu ya kinywa na mkono mwingine chini ya taya, ubonyeze kutoka nyuma kuja mbele. Ukianza mbele unaweza kulisukuma jiwe ndani zaidi, na kulitoa kukawa kugumu. Tazama tundu la mfereji pembeni ya kigozi kilicho chini ya ulimi: mate yanatoka, hayatoki, au kunatoka usaha?

Jiwe dogo lililo karibu na tundu laweza kutoka lenyewe kwa maji mengi ya kunywa, vitu vichachu vinavyoamsha mate, na kukandwa kwa tezi. Likikataa, kuna kamera nyembamba inayoingizwa kwenye mfereji kulinasa, na upasuaji mdogo wa kufungua mfereji. Tezi yenyewe hutolewa pale tu njia nyingine zinaposhindikana. Usaha na homa vitibiwe kwanza. Sakafu ya kinywa ikivimba hadi kuinua ulimi, au mgonjwa akishindwa kumeza mate yake au kupumua vizuri, hiyo ni dharura.

Hatua ya tano: picha nyingine, kama tu itabadilisha uamuzi

Skani ya CT ya koni, yaani eksirei ya pande tatu ya taya, huonyesha doa liko ndani au nje ya ramasi, na umbali wake na njia ya hewa. Inafaa kabla ya upasuaji, na pale picha mbili za kawaida zimegoma kukubaliana. Haifai kuipiga kwa udadisi wa kutaka jina la kijiwe cha tonsili kisichouma. Isitoshe, skani hiyo haionyeshi tishu laini zenyewe vizuri. Kwa mshipa na tezi, ultrasaundi hujibu zaidi na haina mionzi.

Njia rahisi ambayo wengi huisahau ni kupiga picha mbili ndogo kwa pembe tofauti. Doa lililo upande wa ulimi litaonekana kusogea kule kule mashine ilikosogezwa. Lililo upande wa shavu litaenda kinyume.

Mgonjwa aliyekwisha kupigwa skani ya CT ya koni kwa ajili ya kipandikizi anastahili isomwe yote, hadi kwenye shingo. Kuikata picha ibaki meno matatu tu ni kumnyima kitu alichokwisha kukilipia kwa mionzi.

Hatua ya sita: andika, kisha mwambie

Ripoti ya neno moja, "kalsiamu", haimsaidii atakayeisoma baadaye. Andika upande, mahali, idadi, umbo, unachodhani, na kilichofanyika. Kwa mfano:

"Panorama. Upande wa kulia, takriban sentimita 2 chini na nyuma ya pembe ya taya, mkabala na pingili ya shingo ya 3 na ya 4, kuna madoa mawili meupe yenye kingo zisizo laini, yamepangika wima, nje ya njia ya hewa na mbali na hayoidi. Yanaendana na kalsiamu ya ateri ya karotidi. Mgonjwa ana shinikizo la damu, hana dalili za kiharusi. Amepewa rufaa kwa ultrasaundi ya Dopla. Ameelezwa."

Kwa mgonjwa tumia maneno mepesi, na usianze na neno kiharusi. "Mama, picha ya meno imetuonyesha pia doa dogo shingoni, linaloweza kuwa kwenye mshipa wa damu. Picha hii haiwezi kutuambia kama mshipa una shida. Kuna kipimo kisichouma kitakachotupa jibu, na ningependa ukifanye wiki hii. Nakuandikia barua ya kwenda nayo." Kisha nyamaza umwachie nafasi ya kuuliza, maana ataenda kusimulia nyumbani, na asipoelewa atasimulia jambo baya zaidi kuliko lililopo. Kwa mawe ya tonsili au ukano usiouma sentensi mbili zinatosha.

Barua ya rufaa iambatane na nakala ya picha yenyewe, doa likiwa limewekewa alama, kwa sababu daktari wa moyo hajazoea kusoma panorama. Jibu lake likirudi liingie kwenye faili pamoja na picha. Na siku mgonjwa atakapopigwa picha nyingine kwa sababu yoyote, zifungue zote mbili pamoja ulinganishe: doa lililobaki vilevile, lililokua, na lile ambalo halikuwepo mwanzo kila moja lina hatua yake.